Binti anaenda maonesho ya sayansi, mwalimu anataka afute ukurasa wa bata. Afute?

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

Wakuu, salamu kutoka mwisho wa reli.

Nina binti yuko kidato cha pili, shule ya kata hapahapa Kigoma. Jumatano ijayo kuna maonesho ya sayansi ya wilaya, na yeye na mwenzake mmoja wamechaguliwa kuwakilisha shule. Naleta uzi huu kwa sababu nyumbani tumegawanyika, shuleni nako wamegawanyika, na chanzo cha yote ni bata wa jirani.

Nianze mwanzo ili msinihukumu mapema.

Kazi yao ni dagaa. Aliyefika Kigoma anajua: boti zinarudi alfajiri, akina mama wananunua kwa beseni, halafu dagaa wanaanikwa. Kuna wanaoanika juu ya mchanga wa ufukweni, kuna wanaoanika kwenye vichanja vya fito vilivyotandikwa nyavu. Watu wa uvuvi wamehubiri vichanja miaka na miaka. Watoto wakajiuliza swali dogo tu: wa kichanjani na wa mchangani, nani anakauka haraka, na akishakauka anabaki na uzito gani?

Mimi niliona swali jepesi mno. Nikamwambia binti, wenzako watakuja na magari ya rimoti na volkano za magadi, wewe unakwenda na dagaa? Akanijibu, "Baba, volkano kila mtu anajua itafoka." Nikanyamaza.

Wakachukua mizani ya mama yake, ile ya betri ya kupimia unga wa maandazi. Wakapima dagaa wabichi wa beseni moja, gramu 500 upande huu, gramu 500 upande ule. Kichanja wakajenga uani kwa fito na kipande cha wavu chakavu. Mchanga wakauchota ziwani, wakautandaza kwenye bati. Kila siku vipimo vitatu: asubuhi, mchana, jioni. Kupima wa mchangani ni kazi, maana lazima uwaokote mmoja mmoja na wamo mamia, halafu uwarudishe. Usiku wanaingizwa ndani.

Jaribio la kwanza, baada ya siku mbili: kichanjani gramu 138, mchangani gramu 151. Nikasema basi, wa mchangani hawajakauka vizuri, kazi imekwisha. Binti akachukua dagaa mmoja wa mchangani akamvunja. Kah! Mkavu kama wa kichanjani. Akakaa kimya. Usiku huohuo namkuta jikoni ameloweka wote wa mchangani kwenye sufuria, anawazungusha kama anaosha mchele wenye mawe. Akawaopoa, akaacha maji yatulie, akamimina polepole. Kilichobaki chini akakianika kesho yake hadi kikakauka, akakipima. Mchanga. Gramu 12.

151 toa 12 ni 139. Ile karatasi niliisoma mara mbili. Dagaa wamekauka sawasawa, kilichozidi kwenye mizani ni ufukwe.

Jaribio la pili ndipo alipoingia bata. Mchana watoto wako kisimani, bata jike wa jirani na wanawe saba wakapita kwenye bati. Kichanja hawakukifikia. Mwisho wa siku kichanjani 140, mchangani 88. Binti akaandika kwenye daftari, namnukuu: "Bata amekula. Hatujui gramu ngapi. Nyayo zipo." Na nyayo akazichora.

La tatu likaenda salama: 137 na 149, mchanga gramu 11.

Sasa mwalimu anayewasimamia (simtaji, na ni mtu mwema, Jumamosi zote anakuja bila posho) anasema ukurasa wa bata utolewe, jaribio la pili waandike 150 "kwa sababu ndivyo ingekuwa", bango libaki safi. Binti amegoma. Mimi nikiri, siku ya kwanza nilimwambia amtii mwalimu wake. Mama mtu hana neno kuhusu bata. Hoja yake ni kwamba mizani inanuka na wateja wameanza kuuliza maandazi yana nini.

Afute au asifute? Na kama asifute, nipeni maneno ya kumwambia mwalimu bila kumvunjia heshima.

Kitumbua Baridi

Nimekaa siti ya mbele. Mpaka sasa washindi wa maonesho ni bata na wanawe saba.

Mjuba wa Mwanga

Hii chai. Mtoto wa kidato cha pili apate wapi akili ya kuosha mchanga na kuupima? Hapo kuna mkono wa baba.

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

Mkuu Mjuba, huyu anaosha mchele na anapepeta maharage tangu ana miaka saba. Hakuisoma popote. Mkono wa baba ulikuwa kwenye kupigilia fito mbili, na moja niliipinda.

Ticha wa Vipimo

Mleta mada, mimi ni mwalimu wa fizikia huku Tabora, na nimekaa meza ya majaji mara kadhaa. Vumilia, nitaandika kirefu.

Asifute. Na sababu iache hata habari ya uadilifu, angalia hesabu tu. Akiandika 150 kwenye jaribio la pili, jaji mwenye macho atauliza: na mchanga wa jaribio hilo ulikuwa gramu ngapi? Hapo itabidi abuni na namba ya mchanga. Kisha ataulizwa vipimo vya mchana wa siku hiyo, abuni tena. Mtoto wa miaka kumi na tano amesimama mbele ya watu wazima watatu anabuni namba papo hapo, jasho linamtoka. Nimeliona hilo, halipendezi.

Halafu namba zake zenyewe zinajitetea. Dagaa mbichi sehemu kubwa ni maji. Tuchukue maji ni 76 katika kila 100. Kwenye gramu 500, kisicho maji ni gramu 120. Wakikauka wakabaki 138, maji yaliyobaki ni gramu 18, kama asilimia 13. Huyo ni dagaa mkavu kama tunavyomjua, anavunjika. Angeniletea mezani gramu 90 za dagaa safi, ningemwambia mwanangu, hapa kuna kitu kimepungua ambacho si maji. Kumbe yeye mwenyewe ameshaandika: bata.

Cha kufanya ni hiki. Jedwali libaki na majaribio yote matatu. Jaribio la pili, upande wa mchangani, aweke 88 kama ilivyo na alama ya nyota, chini aeleze bata. Wastani wa mchangani atumie la kwanza na la tatu, na aseme wazi kwamba anatumia mawili na kwa nini. Wastani wa kichanjani atumie yote matatu, maana kule bata hakufika.

Sasa nimkosoe na yeye, maana majaji watamkosoa. Moja, mizani inayohesabu gramu mojamoja haiwezi kusema 138 na 139 ni tofauti. Asithubutu kusema "kichanja kimezidi kwa gramu moja". Mbili, alipoloweka dagaa, vipande vya magamba na mikia havikubaki kwenye sufuria pamoja na mchanga? Kama vilibaki, gramu 12 si mchanga mtupu. Tatu, na hili ndilo kubwa: swali lake la kwanza lilikuwa nani anakauka HARAKA. Umetusimulia uzito mpaka bata akapita, haraka umeisahau. Vipimo vya mchana vinasemaje?

Kuhusu mwalimu mwenzangu, usimwendee na "umekosea". Mwambie, "Mwalimu, jaji akiuliza mchanga wa jaribio la pili ni gramu ngapi, ajibu nini?" Mwache alifikirie mwenyewe.

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

Ticha, Mungu akuzidishie. Nimelifuata daftari. Siku ya kwanza mchana, jaribio la kwanza: kichanjani 290, mchangani 325. Jaribio la tatu hivyohivyo, kichanja kinatangulia. Binti anasema upepo wa ziwa unapita na chini ya wavu, wakati wa mchangani tumbo limelala kwenye mchanga lazima umgeuze. Jioni ya siku ya pili wanakuwa wamelingana.

Ila nilipomuuliza kama hizo 325 zimetolewa mchanga, akanikodolea macho. Hazijatolewa. Kwa hiyo hatujui vizuri. Naye ameshaliandika hilo.

Magamba anasema yalikuwepo kidogo, yaliyoelea aliyamwaga na maji, yaliyozama hana uhakika.

Mama Dagaa Katonga

Nimesoma kimyakimya ila hapa siwezi kunyamaza. Mnataka kututangaza kwamba tunauza mchanga? Nimefanya dagaa miaka zaidi ya ishirini. Hakuna anayeokota dagaa mchangani akamfunga hivyohivyo kwenye gunia. Dagaa anachekechwa! Tuna chekecheo, tunapepeta, mchanga unabaki pale ufukweni. Huyo mtoto amepima dagaa ambaye hajafika sokoni. Mwambie achekeche kwanza halafu aje aseme.

Na wa mchangani wapo kwa sababu. Kichanja ni fito, misumari, nyavu, na mahali pa kukisimika. Mchanga ni wa Mungu. Kuna siku boti zimejaa, vichanja vimejaa, jua linawaka, utawamwaga wapi? Unasubiri waoze?

Kitumbua Baridi

Mama kashusha nondo. Mleta mada jibu.

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

Mama, shikamoo. Sina la kujibu, umesema kweli. Nimemsomea binti maneno yako yote, hakuudhika, aliniambia tu, "Baba, nipatie dagaa wengine nusu kilo." Tumeanika leo. Na bati tumelizungushia wavu.

Mnyamwezi wa Sikonge

Watu wa Kigoma mna raha, nyie mnapima dagaa. Sisi Tabora mwanangu alikuwa na asali. Alitaka kujua asali ipi ina maji mengi, ya mzinga wa magome au ya mzinga wa kisasa. Kuna kifaa kidogo cha kuchungulia kinachosoma maji kwenye asali, ila kuazima ni shughuli. Kiwango cha kimataifa kinasema maji yasizidi asilimia 20, yakizidi sana asali inaweza kuchacha.

Kijana akapata njia yake: ajaze chupa ya nusu lita, apime uzito. Asali nzuri lita moja ni karibu kilo 1.4, ikiwa na maji mengi inapungua. Njia safi kabisa kwenye karatasi. Kumbe tofauti ya asilimia mbili za maji kwenye chupa hiyo ni gramu chache tu, na yeye akijaza chupa ileile mara tano anapata tofauti hizohizo kwa sababu ya povu na shingo ya chupa. Akalia siku nzima. Mwalimu wake akamwambia aende na hilohilo: "Nilijaribu kupima maji kwa chupa, nikagundua mkono wangu unatikisika kuliko tofauti ninayoitafuta." Hakushinda, lakini wanafunzi waliizunguka meza yake mpaka jioni, ingawa nadhani wengi walifuata kuonja.

Mkataa Ngoma

Nitakuwa mtu mbaya wa uzi huu. Shule ya kata haina maabara, walimu wa sayansi wa kutafuta kwa tochi, halafu tunapeleka watoto wawili kwenye maonesho, tunapiga picha, basi. UMISETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, angalau mtoto anakimbia mwenyewe. Huku nimeona bango limechapishwa Dar es Salaam, "mashine" imechomelewa na fundi wa mtaani, mtoto hata swichi haijui. Anayeshinda ni mzazi mwenye hela.

Ticha wa Vipimo

Mkataa Ngoma, la mashine za mafundi ni kweli tupu. Ndiyo maana nikiwa jaji naanza na daftari, sigusi bango. Daftari la mtoto aliyefanya kazi lina madoa, lina kalamu tatu tofauti, lina siku ya mvua. La kununua lina mwandiko mmoja na wino mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu maabara sikubaliani. Maji, jua, mizani na saa, hiyo ni maabara. Tena kuna kazi za maabara zinazonitisha zaidi. Mwaka mmoja kijana alitengeneza sabuni ya mawese, kazi nzuri, lakini kostiki soda aliimwagia maji juu badala ya kuitia soda kidogokidogo ndani ya maji. Ilichemka na kuruka. Alikuwa na bahati amevaa miwani ya jua ya kaka yake.

Mzee wa Behewa

Vijana, niongeze la zamani. Haya maonesho hayakuanza jana. Ireland walianza Dublin mwaka 1965, wanafizikia wawili wa chuo kikuu waliona watoto wasome sayansi kwa kufanya. Ndiko lilikochimbukia la kwetu, Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa 2011 na maonesho yake ya kitaifa ya kwanza yakawa Dar es Salaam mwaka 2012. Kwa hiyo mleta mada, binti akifika mbali kuna ngazi juu ya wilaya.

Na kwa kuwa mko Kigoma, Gombe, ile hifadhi ya sokwe, ni pua na mdomo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika pale Julai 1960 akiwa hana digrii, ana darubini na daftari. Mwaka huohuo akaandika kwamba amemwona sokwe akichokoa mchwa kwa jani la nyasi, wakati wasomi walishaamua kwamba zana ni za binadamu peke yake. Baadaye akaanza kuwapa sokwe ndizi ili wasogee karibu, na wakosoaji wakasema ndizi zimewabadilisha tabia, zimewaletea ugomvi. Habari ya ndizi ilikuwa wazi ndiyo maana watu waliweza kubishana nayo. Huyo bata wenu ni ndizi.

Mjuba wa Mwanga

Bata ni ndizi. Naenda kulala.

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

MREJESHO, wakuu.

Kwanza jaribio la nne. Mchangani wametoka na gramu 150. Akawachekecha kwa chekecheo la unga (ndiyo, la mama yake, na lenyewe), wakabaki 143. Akawaosha, akaanika kilichobaki: gramu 4. Kwa hiyo Mama Dagaa Katonga alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa: mchanga mwingi unaondoka kwa kuchekecha. Ila unaobaki ni ule umekwama tumboni na kwenye macho, huo chekecheo haliutoi. Ndio ule tunaousikia mezani kwenye jino.

Kwa mwalimu nilikwenda na swali la Ticha, nikaliuliza nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Alinyamaza, akafungua daftari, akapitia kurasa. Akasema, "Mimi nilitaka tu wasichekwe." Basi. Bata akabaki, na mwalimu mwenyewe akapendekeza nyayo zikuzwe kwenye bango.

Jumatano ukumbi ulijaa. Meza ya kulia kulikuwa na kijana na baiskeli iliyogeuzwa mashine ya kupukuchua mahindi, anakanyaga punje zinaruka, watu wote huko. Meza yetu ilikuwa na harufu, nasema ukweli, nafasi ilikuwepo ya kutosha. Jaji wa kwanza alitazama bango nusu dakika akaenda zake, nikaumia. Wa pili, mama mmoja wa makamo, akavuta kiti. Akaomba daftari. Akafika kwenye bata, akaweka kidole, akamuuliza binti, "Ungejuaje kama si paka?"

Nilikuwa nyuma, moyo unadunda. Binti akasema, "Paka angepanda na kichanjani."

Yule mama akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akabadilika, akambana dakika kumi nzima kuhusu zile 325 ambazo hazikutolewa mchanga. Hapo binti alisema, "Hatujui, tulipaswa kuosha na wa mchana." Mwenzake akaongeza kwamba wangewaosha mchana wasingeweza kuendelea kuwaanika kama wa awali, ingebidi waandae fungu lingine la kuoshwa tu. Mimi hilo la fungu lingine sikuwahi kulisikia nyumbani.

Wamekuwa wa tatu. Wa kwanza ni wa baiskeli, na kwa haki, mashine ile alijenga mwenyewe, tuliona anakaza nati kwa jiwe. Zawadi ni kikokotoo kimoja kwa watu wawili, kinakaa wiki kwa wiki.

Mama Dagaa Katonga

Hongera baba. Mwambie binti aje Katonga Jumamosi asubuhi, nimtengee kichanja kimoja na sehemu ya mchanga. Aje na chekecheo lake, langu lina kazi. Na aje na mizani.

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

Asante sana mama, atakuja. Ila suala la mizani ni gumu. Mama yake ameiosha kwa ndimu, ameirudisha juu ya kabati, na ameandika kwa maka peni nyekundu: SI YA SAMAKI. Kama kuna mkuu hapa Kigoma mjini anayeuza iliyotumika, aniambie bei.